Maneno ya Kihispania ya kuzungumzia muziki: nimekwama mazoezini

Raskazone aliandika:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu tangu nihamie Valencia, Hispania. Kihispania cha sokoni, cha hospitali na cha kuzungumza na mwenye nyumba ninakimudu bila taabu. Tatizo lilianza miezi minne iliyopita, nilipokaribishwa katika kikundi cha watu saba wanaopiga son, bolero na chachachá, mitindo ya muziki wa Kuba, kila Alhamisi usiku. Kiongozi wetu ni Mkuba wa Santiago, mpiga kinanda na mpiga tromboni ni wenyeji wa hapa hapa, na mimi ninapiga gitaa la ridhimu. Mikono yangu inaijua kazi yake, kwa kuwa muziki huu hauko mbali na dansi niliyokulia, lakini mazungumzo yanapoanza kati ya wimbo na wimbo ninageuka bubu.

Kabla ya kujiunga nilijiandaa kwa programu moja ya simu iliyokuwa na somo zima la muziki. Nilikariri majina ya ala zaidi ya arobaini, hadi zumari na kinubi. Katika miezi minne hakuna aliyenitajia kinubi hata mara moja. Wanachosema ni maneno mafupi mafupi ambayo somo lile halikuyagusa, na hata yale ninayoyajua huja na maana nyingine. Alhamisi iliyopita, wakati wa mapumziko, kiongozi alinitazama akasema “te toca”. Nilijua kwamba “tocar” ni kupiga ala, basi nikalivaa gitaa langu upesi nikaanza kupiga. Kumbe alikuwa akiniambia kwamba ni zamu yangu ya kulipia kahawa.

Mkasa wa pili haukuchekesha. Alisema wimbo unaofuata tuupige “en sol”. Mimi nimelelewa na kwaya ya kanisa, ambako do huwa pale mwalimu anapoamua iwe, na so ni ya tano kutoka hapo. Nikauliza, kwa Kihispania changu cha kuokoteza, do yao iko wapi. Walitazamana, mpiga kinanda akabonyeza noti moja, nami nikahesabu kutoka hapo kama tulivyokuwa tukifanya kanisani. Kwa bahati nilifika mahali sahihi, lakini nilikuwa wa mwisho kufika, na nilijua kwamba nimefika kwa kubahatisha.

Naomba msaada wa mtu aliyepita njia hii. Nianze na maneno gani, na niyajifunzeje? Jirani yangu ananishauri nisikilize nyimbo nyingi tu, na maneno yatakuja yenyewe.

Mwalimu wa Ngara alijibu:

Dada Raskazone, pole kwa mikasa, ingawa huo wa kahawa nitauazima niwasimulie wanafunzi wangu. Ninafundisha Kihispania hapa Nairobi, na kosa ninalolikuta kila mwaka ni hilo hilo lako: mwanafunzi anajifunza muziki kama mtu anayejaza ghala, jina juu ya jina, ilhali mazungumzo ya wanamuziki hubebwa na vitenzi. Majina ya ala ndiyo mepesi kuliko yote, maana ala iko mbele yako na unaweza kuionyesha kwa kidole. Kitenzi hakionyeshwi kwa kidole.

Jambo la pili ni kwamba ulipitishwa njia ndefu. Bila shaka programu ile ilikutoa kwenye Kiswahili ikakupeleka kwenye Kiingereza, na huko ndiko ukavukia Kihispania. Wanafunzi wangu wanaopita huko huniambia “juego la guitarra”, kwa sababu Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa mpira na kwa gitaa, na Mhispania anayesikia hivyo huona mtoto na mwanasesere wake. Sisi tunalipiga gitaa, wao wanaligusa, kwa kuwa “tocar” maana yake ya kwanza ni kugusa. Katika lugha zote mbili mkono ndio unaofanya kazi, na kutoka kupiga hadi kugusa ni hatua moja. Katika kugusa huko huko ndiko ilikotoka kahawa yako. Jambo likikugusa limekuangukia, na ndiyo maana “te toca” ni zamu yako, iwe ya kulipa, ya kusema au ya kuimba. Mtu anayetaka upige tu atakuambia “toca”, bila “te”.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa “gustar”. Wanaotoka kwenye Kiingereza huteseka nacho miezi mingi, kwa sababu wanatafuta mtu anayependa, na sentensi ya Kihispania haimweki mtu huyo mbele. Wewe jiulize tu ungesemaje kwa Kiswahili kizuri: wimbo huu unanipendeza. Hapo wimbo ndio unaotenda, nawe ndiye unayetendewa. “Me gusta esta canción” ni hivyo hivyo, neno kwa neno. Nyimbo zikiwa nyingi tunasema zinanipendeza, tukibadili kiambishi kufuata nyimbo, nao husema “me gustan estas canciones”, wakiongeza ile “n” kufuata nyimbo. Nimewahi kuliandika hilo ubaoni kwa safu mbili, na darasa zima likapumua.

Cha tatu ni “sonar”, ambacho ni kulia kwa ala. Gitaa lako linalia vizuri: “suena bien”. Ukimwuliza mtu kama anaufahamu wimbo fulani naye akajibu “me suena”, anakuambia kwamba unamlilia kwa mbali masikioni, anahisi amewahi kuusikia ila hana hakika. Ongeza “ensayar”, ambacho ni kufanya mazoezi pamoja, na “grabar”, kurekodi. Kwa hivyo vitano unaweza kuketi na wanamuziki jioni nzima.

Tahadhari moja kuhusu jinsia ya maneno, kwa kuwa wewe ni mwanamke na itakuhusu. “La batería” ni seti ya ngoma, lakini “el batería” ni mwanamume anayeipiga. “El músico” ni mwanamuziki. Ukitaka kusema mwanamuziki wa kike utajikuta na “la música”, ambalo pia ni muziki wenyewe, na ndiyo maana wanawake wengi huepuka mkanganyiko kwa kutaja kazi yao mahususi. Wewe sema “soy guitarrista”, na neno hilo halibadiliki kwa mume wala kwa mke.

Kuhusu ushauri wa jirani yako, sikubaliani nao. Nyimbo zitakufundisha moyo, machozi, usiku na kwaheri. Sijasikia bolero ambamo mpenzi anamwomba mpenziwe akaze uzi wa pili wa gitaa. Kinachokufaa ni mazungumzo yaliyo kati ya wimbo na wimbo, hivyo waombe wenzako ruhusa uyarekodi kwa simu, kisha nyumbani uandike sentensi nzima nzima, na kando ya kila moja uandike ambavyo ungeisema kwa Kiswahili mazoezini Tanga. Wala usiandike neno moja moja.

Mzee Kikwajuni alijibu:

Binti yangu, mimi nitashika hilo la “sol”, kwa sababu lilinipata mimi kabla yako. Nilikaa Havana miaka sita nikiwa mwanafunzi, na jioni nyingi kuliko nilizopaswa niliziishia kwenye mazoezi ya bendi ya mtaani kwetu.

Wewe ulilelewa na do inayohama. Wahispania na Wakuba hawaihamishi. Kwao do ni jina la noti moja ile ile siku zote, ile ambayo wapiga gitaa wa kwetu huiita C. Re ni D, mi ni E, fa ni F, sol ni G, la ni A, na ile ya saba ambayo kwaya huiita ti, wao huiita si, nayo ni B. Kwa hiyo “en sol” maana yake ni kwamba wimbo uko kwenye G, na mikono yako ingeufikia kabla ya kichwa kuhesabu lolote. Ile mnayoiandika Am ni “la menor”, na G ya kawaida ni “sol mayor”. Noti ikipandishwa nusu huongezewa neno “sostenido”, ikishushwa nusu huongezewa “bemol”. Mtu anayejua gitaa anaweza kuyashika haya kwa siku mbili, ila itabidi aiache do ya kwaya mlangoni kila anapoingia mazoezini, na hilo ndilo gumu.

Kinachozidisha ugumu ni kwamba noti hizi zina kazi nyingine mtaani. Sol ni jua, mi ni “yangu”, si ni “ikiwa”, na la ni lile neno dogo linalotangulia majina ya kike. Mtu akisema “la canción está en la”, yaani wimbo uko kwenye la, hiyo la ya mwanzo na hiyo ya mwisho hazina hata undugu wa mbali. Sentensi ya kwanza ya kukariri ni hii: “¿Me das un la?” Unamwomba mwenye kinanda akupe noti ya la ili uziweke sawa nyuzi zako. Kuziweka sawa huko ni “afinar”, na aliyetoka nje “desafina”. Mimi niliambiwa “estás desafinado” mbele ya watu wote nikanuna wiki nzima, nikidhani nimetukanwa, kumbe uzi mmoja ulikuwa umelegea.

Halafu kuna suala la sauti. Kiswahili chetu chenyewe hapa hakina uwazi, maana ukiambiwa upandishe sauti hujui uongeze nguvu au uende noti ya juu. Mazoezini wao hutenganisha. Wakitaka nguvu husema “más fuerte”, wakitaka utulivu husema “más suave”. Sauti nyembamba ni “aguda”, sauti nene ni “grave”, na sisi tuliozoea kusema nyembamba na nene hatupotei hapo. Lakini “más alto” mtu anaweza kuitumia kwa nguvu tu, hivyo mtazame mkono wake. Wimbo ukiwa juu mno kwa koo lako, sema “me queda alta”, nao watajibu “lo bajamos un tono”, yaani tuushushe toni moja. Usione haya kuliomba hilo. Waimbaji wakubwa huliomba kila siku.

Katika son kuna sheria moja ambayo hutaambiwa kwa maneno hadi siku utakapoivunja. Kuna vijiti viwili vya mbao vinavyogonganishwa, ndivyo “claves”, na mapigo yake matano yamegawanyika: upande mmoja matatu, upande wa pili mawili. Nyimbo nyingine huanza na upande wa tatu, nyingine na wa mbili, na kila ala inapaswa kukaa juu ya mpangilio huo hata kama vijiti vyenyewe havipigwi. Ukiambiwa “estás cruzada”, gitaa lako limekaa upande wa mbili wakati wenzako wako upande wa tatu. Mwenye kusema hivyo hana hasira. Simamisha mkono, sikiliza mzunguko mmoja mzima, kisha ingia upya. Ukiambiwa “te adelantas”, unakimbia; “te atrasas”, unachelewa. “Entras en el cuatro” ni kwamba unaingia kwenye pigo la nne, na “desde el principio” ni kuanza upya tangu mwanzo, maneno ambayo nadhani umeshayasikia hadi yamekuchosha.

Baada ya mwimbaji kumaliza beti zake, son hufunguka ikawa “montuno”, sehemu ambamo kundi hurudia kiitikio kifupi, “coro”, naye mwimbaji hujibu kwa maneno anayoyatunga papo hapo. Jibu lake hilo huitwa “pregón”, na jina hilo hilo ndilo la mwito wa mchuuzi anayepita mtaani akinadi karanga au matunda. Mimi nililielewa siku nilipomkumbuka muuza kashata wa utotoni mwangu, ambaye hakuwahi kunadi kwa maneno yale yale mara mbili.

Neno la mwisho kwa leo, na ni la kukuokoa. Kwetu zile ngoma ndefu zinazopigwa kwa viganja huitwa tumba, na anayezipiga ni mpiga tumba. Wakuba nao hulijua jina hilo, kwa kuwa katika ngoma zile tatu ndogo ni “quinto”, ya katikati ni “conga”, na kubwa yenye sauti nene ni “tumba” au “tumbadora”. Lakini kwa Mhispania asiye mwanamuziki “tumba” ni kaburi. Ukijitambulisha kwake kwa kusema “toco la tumba”, atakupa pole ya msiba.

Mjukuu wa Malenga alijibu:

Nimewasoma nyote kwa makini, na nina neno na Mwalimu wa Ngara. Ni kweli kwamba wimbo haukufundishi kukaza uzi. Hata hivyo hao watu saba hawaketi jioni nzima wakizungumzia nyuzi tu. Kuna wakati watabishana kuhusu maneno ya wimbo, na hapo Raskazone, akiwa mtu wa pwani yetu, ana mali ambayo hajui kwamba anayo.

Maneno ya wimbo huitwa “letra”, neno ambalo pia ni herufi. Ubeti ni “estrofa”. Kiitikio ni “estribillo”. Mshororo mmoja ni “verso”, na hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu neno la Kiingereza linalofanana nalo hutumiwa na wanamuziki kwa maana ya ubeti mzima. Mkuba akikuambia “cambia el segundo verso”, anataka ubadili mshororo wa pili peke yake. Ukibadili ubeti wote umemharibia wimbo. Vina ni “rima”. Na mizani, mwenzangu, ni “sílabas”, nao huzihesabu kwa vidole kama babu yangu alivyokuwa akihesabu, barazani Lamu.

Nitoe mfano mmoja, kwa kuwa ndio ulionifanya mimi mwenyewe niipende lugha hii. Umbo linaloheshimiwa sana katika nyimbo za kujibizana za Kuba huitwa “décima”. Lina mishororo kumi, na kila mshororo una mizani minane, ile ile minane iliyo katika kila kipande cha tarbia yetu ya kumi na sita, minane ya ukwapi na minane ya utao. Vina vyake vimepangwa hivi: wa kwanza unakutana na wa nne na wa tano, wa pili na wa tatu, wa sita na wa saba na wa kumi, wa nane na wa tisa. Umbo hilo huitwa pia “espinela”, kwa jina la Vicente Espinel, mshairi na mwanamuziki wa Hispania aliyefariki mwaka 1624. Huko Kuba wakulima huliimba papo kwa papo kwa gitaa na ala ndogo za nyuzi katika muziki uitwao punto, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2017. Wanaolitunga papo hapo huitwa “repentistas”. Wakipambana wawili, mmoja hushika neno la mwisho la mwenzake akalipindua, na sisi tuliokulia kwenye mashairi ya kujibizana hatuhitaji kuelezwa utamu wake.

Sasa hesabu yenyewe. Chukua mshororo ninaoutunga hapa kwa ajili ya mfano: “Mi guitarra está cansada”. Mtu wa kwetu atahesabu tisa, naye atakuwa amekosea, kwa sababu Wahispania huziunganisha vokali mbili zinazokutana neno moja linapoisha na jingine kuanza, hivyo “rra” ya mwisho na “es” ya mwanzo huwa mzani mmoja. Inabaki minane. Tafsiri yake kwa bahati njema nayo ina minane: “Gitaa langu lachoka”. Kuna na kanuni nyingine. Mshororo ukiishia kwa silabi yenye mkazo, huongezewa mzani mmoja usiosikika. “Ya no canta el corazón” una saba ukiuhesabu kwa sikio, lakini wao huuita wa minane, kwa sababu “zón” imebeba mkazo mwishoni. Sisi mkazo wetu kwa kawaida uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo kanuni hiyo hatukuwahi kuihitaji.

Vina pia vina tabia yake. Kwetu inatosha silabi za mwisho zifanane. Kwao kina huanza kwenye vokali yenye mkazo na kuendelea hadi mwisho, kwa hiyo “cansada” hupata mwenzake katika “madrugada”. Kuna kina kingine legevu, “asonante”, ambacho kinataka vokali tu zifanane, na kwa kipimo hicho “guitarra” na “cansada” ni vina halali. Babu yangu angekikataa.

Wa Kivu alijibu:

Ninaandika kutoka Bukavu, na nitakuwa mfupi. Hakuna aliyegusa majina ya mitindo, na huko ndiko mtu wa Afrika anakoweza kupotea bila kujua kwamba amepotea.

Sisi tukisema rumba, tunaona magitaa matatu, sauti mbili zinazoimba pamoja, na sebene mwishoni. Rumba hiyo ya Kongo, ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2021, ilikua kwa kiasi kikubwa kutokana na sahani za son ya Kuba zilizoletwa Afrika tangu miaka ya 1930, zile zilizokuwa na herufi GV. Kwa Mkuba rumba ni kitu kingine kabisa: ni ngoma, vijiti na sauti za watu uani, bila gitaa lolote, nayo ilitambuliwa mwaka 2016. Na huko uliko wewe, dada, kuna ya tatu, ile ya magitaa ya kucharazwa na makofi, ambayo Wahispania huiita “rumba flamenca”, na ile ya Barcelona huiita “rumba catalana”. Ukimwambia kiongozi wako “en mi país yo tocaba rumba con la guitarra”, yaani kwetu nilikuwa nikipiga rumba kwa gitaa, atashangaa kidogo, na mpiga tromboni atadhani ulikuwa Barcelona. Sema “rumba congoleña”, nao wataelewa.

Onyo jingine. Waimbaji wetu wa zamani walizipenda sahani zile hata wakawa wanaimba maneno yenye mlio wa Kihispania bila kujali sana maana. Ni muziki mtamu, na mimi nimeurithi kwa baba yangu, lakini usijifunze Kihispania humo.

Mwalimu wa Ngara alijibu:

Mjukuu wa Malenga, ninakubali nimeshindwa kwa hoja ya mizani. Nitalibadili somo langu la muhula ujao.

Ninaongeza moja tu kuhusu kucharaza, kwa kuwa Wa Kivu amelitaja na Raskazone atalihitaji kila Alhamisi. Kuzicharaza nyuzi zote pamoja ni “rasguear”, na kuzipiga moja moja ni “puntear”. Kidude cha kupigia ni “púa”, neno ambalo pia ni mwiba, na uzi unaopigwa bila kubanwa na kidole huitwa “cuerda al aire”, uzi ulioachwa hewani.

Raskazone aliandika:

Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuyajaribu haya mazoezini, na sasa Alhamisi mbili zimepita.

Wazee wangu na walimu wangu, asanteni. Nilifika mapema, nikamwambia mpiga kinanda “¿me das un la?”, naye akanipa bila hata kuinua macho, kama kwamba nimekuwa nikimwomba hivyo tangu nizaliwe. Niliomba ruhusa ya kurekodi, wakakubali wote. Nyumbani nimeandika sentensi thelathini na mbili katika daftari la shule, Kihispania kushoto na Kitanga changu kulia, na nimegundua kwamba karibu nusu zina vitenzi vinne tu: tocar, entrar, subir na bajar, yaani kupiga, kuingia, kupandisha na kushusha. Kinubi bado hakijatajwa.

Niliambiwa pia “estás cruzada”. Mzee Kikwajuni, nilifanya ulivyosema: nikasimamisha mkono, nikasikiliza mzunguko mmoja, nikaingia tena. Kiongozi aliitikia kwa kichwa tu na kuendelea. Baadaye nilimwuliza kuhusu décima, akaacha kufunga begi lake, akaketi tena, akaniimbia tatu mfululizo alizojifunza kwa baba yake, huku akizihesabu silabi kwa kugonga kidole kwenye goti. Nilizihesabu pamoja naye nikapata tisa mahali fulani, kisha nikaikumbuka ile kanuni ya vokali mbili zinazoungana.

Lile la tumba nililileta kwa makusudi. Nilimwambia mpiga ngoma wetu kwamba kwetu yeye angeitwa mpiga tumba. Mpiga kinanda akashtuka na kuuliza kwa nini tunawapiga wafu, kiongozi akasema kwamba jina ni sahihi na kwamba mwenye makosa ni yeye asiyeijua Santiago, na wawili hao wakabishana hadi tukachelewa kufunga ukumbi. Tangu siku hiyo mpiga ngoma ananiita “la de la tumba”, yule wa tumba.

Jumamosi ijayo tuna “bolo”, neno ambalo wanamuziki wa hapa hulitumia kwa onyesho la kulipwa, na nimepewa kazi ya kuzitambulisha nyimbo mbili kwa hadhira. Nimeandika hivi: “Ahora vamos a tocar un bolero que me gusta mucho, y después un chachachá”, yaani sasa tutapiga bolero inayonipendeza sana, kisha chachachá. Mwalimu, naomba uipitie kabla ya Ijumaa.

Mwalimu wa Ngara alijibu:

Iko sawa, dada, usibadili herufi hata moja. Kwenye “bolero” mkazo uwe “le”, na kwenye “chachachá” uwe ya mwisho, kwa sababu ya ile alama. Sisi huivutia ile ya katikati.